Kisu, Tanuri na Ufunguo: Kiebrania cha Vyombo vya Nyumbani

Jumamosi moja ya likizo, hapa nyumbani kwetu Tanga, niliingia jikoni kuinjika maji ya chai nikakuta kila chombo kimebandikwa kikaratasi. Sufuria ilikuwa na chake, kabati lilikuwa na chake, hata kopo la chumvi halikusahauliwa. Maandishi yenyewe yalikwenda kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu, lakini herufi zake hazikushikana mikono. Zilisimama moja moja, za pembe pembe, mfano wa matofali yaliyopangwa. Chini ya kila neno binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa ameandika matamshi kwa herufi tulizozizoea. Alikuwa ameanza kujifunza Kiebrania peke yake kwa simu, na akaamua kuanzia jikoni kwa hoja ambayo sikuweza kuipinga: mtoto mchanga naye huanza lugha kwa vitu anavyovishika.

Aliyepinga ni bibi yake. Mama mkwe wangu, ambaye tangu Oktoba 2023 halali kabla ya kusikiliza habari za Gaza, alisimama kizingitini akavitazama vikaratasi kimoja kimoja, kisha akauliza, “Maandishi ya nani haya, mke mwenzangu?”

“Kiebrania, Bibi.”

“Katika lugha zote alizoziumba Mwenyezi Mungu, umekosa nyingine ya kutubandikia jikoni?”

Binti hakujibu. Alinitazama mimi, nami nikajifanya nakoroga chai. Sikuwa na jibu lililokuwa tayari, wala sikupenda kumpa mzee yule jibu la haraka, kwa kuwa uchungu uliomsemesha ni uchungu wa haki. Makala haya ni yale niliyoyapata katika wiki zilizofuata, nilipokaa na binti yangu tukavipitia vikaratasi vile pamoja.

Niliona kwanza ni wajibu wangu kutazama tulikotoka. Katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhiy imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.), kijana mdogo wa Kiansari, ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zinazotoka kwao na zinazokwenda kwao zisitegemee uaminifu wa mtu mwingine. Zayd akasimulia kwamba haikupita nusu mwezi akawa ameyaweza. Kijana huyo huyo ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur-ani katika zama za Abubakar (r.a.). Na ilimpasa kujifunza wakati ambapo mambo baina ya Waislamu na baadhi ya makabila ya Kiyahudi ya Madina hayakuwa shwari. Basi kuijua lugha ya mtu na kuridhika na matendo ya mtu ni mambo mawili mbalimbali, na haikuanza leo.

Nilipomsomea mama hadithi hiyo alitikisa kichwa. “Zayd alitumwa,” akasema. “Huyu katumwa na nani?” Nikanyamaza, maana katika hilo alinishinda.

Tukarudi kwenye vikaratasi. Juu ya jiko la kuokea mikate paliandikwa *tanur*. Hapo mimi mwenyewe nilisita. Katika Surat Hud, gharika ya Nabii Nuhu (a.s.) inaanza pale tannuri inapofoka maji, na sisi Waswahili tunalo tanuri, la kuchomea chokaa, matofali au mikate. Leo hii mama wa Kiyahudi aliyeko Haifa anayemwambia mwanawe aitoe keki katika oveni hutumia neno hilo hilo, *tanur*. Lugha tatu zimekutana katika tundu moja la moto. Ni neno kongwe mno, ambalo lilikwishaandikwa katika vigae vya udongo vya Mesopotamia maelfu ya miaka kabla hajazaliwa yeyote kati ya wanaogombana hivi sasa.

Kikaratasi cha kisu kilisema *sakin*. Msomaji wa Surat Yusuf atawakumbuka wale wanawake wa mjini walioalikwa na mke wa Al-Aziz, kila mmoja akapewa kisu, *sikkin*, nao wakajikata mikono walipomwona Yusuf (a.s.). Kikombe ni *kos*. Katika Surat Al-Insan watu wema hunyweshwa kwa *ka’s*. Kiti ni *kise*, naye jamaa yake ni ile *kursiyyu* ambayo watoto wetu huihifadhi kabla hawajajua kufunga viatu. Taa ni *menora*, nasi kutoka katika mzizi huo wa nuru tumepata mnara. Jiko lenyewe, yaani chumba, ni *mitbakh*, ambalo kila aliyesoma darasa la Kiarabu atalitambua katika *matbakh*. Sabuni ni *sabon*, sukari ni *sukar*, na hayo hayahitaji mwalimu.

Lakini kilichomfanya binti yangu apige kelele za furaha hakikuwa chombo, kilikuwa kapu la sokoni. Katika aya ya 61 ya Surat Al-Baqara, Bani Israil wanamlalamikia Nabii Musa (a.s.) kwamba wamechoka na chakula cha namna moja, wanataka mboga za ardhini, na Qur-ani inazitaja: *qiththa’*, *fum*, *’adas*, *basal*. Alikwenda kwenye orodha yake ya Kiebrania akazikuta zote. Tango la aina ile ni *kishu*, ingawa siku hizi wao huliitia namna ya mung’unye mchanga. Kitunguu thaumu ni *shum*. Na wafasiri wengi wa Qur-ani wameifasiri *fum* hivyo hivyo, ingawa wako waliosema ni ngano. Adesi ni *adashim*. Kitunguu maji ni *batsal*. Malalamiko yale ya jangwani unaweza kuyapeleka leo kwa muuza mboga wa Tel Aviv akakupimia.

Nikasema moyoni kwamba madrasa zetu zingefanya vyema kuwaonesha watoto jambo hili. Tunawasomesha visa vya Bani Israil mwaka baada ya mwaka, na wengi wao hukua wakidhani kwamba watu wale walizungumza lugha ya hewani, isiyo na vitunguu.

Undugu huu, hata hivyo, una mitego yake, na anayejifunza kwa pupa atanaswa. *Lekhem* kwa Kiebrania ni mkate. *Lahm* kwa Kiarabu ni nyama. Asili ya yote mawili ni chakula kikuu, kila watu wakakiita kile kilichowashibisha. Mji aliozaliwa Nabii Isa (a.s.) kwa mujibu wa Wakristo, ambao Waarabu wakazi wake huuita Bayt Lahm, kwa sikio moja ni nyumba ya mkate na kwa sikio la pili ni nyumba ya nyama. Nyama yenyewe Waebrania huiita *basar*, na Mwarabu akisema *bashar* amekusudia binadamu. *Shemen* ni mafuta, nayo *samn* ni samli, ambayo sisi tumeichukua ilivyo. Binti alitaka kubandika *shemen* kwenye kopo la samli. Bibi yake, aliyekuwa akijifanya hasikilizi, akamwambia asimharibie samli yake.

Meza ni *shulkhan*, uma ni *mazleg*, sahani ni *tsalakhat*. Haya hayana jamaa kwetu, na yafaa yahifadhiwe tu kama yalivyo. Wala tusijitape: hiyo meza yetu tuliachiwa na Wareno.

Sarufi ya vitu hivi si ngumu kwa Mswahili. Kiebrania hugawa vitu vyote katika kiume na kike. Mlango, *delet*, ni wa kike, dirisha, *khalon*, ni la kiume, na sifa lazima ifuate. Mtu aliyezaliwa katika lugha yenye ngeli za m-wa, ki-vi, li-ya na nyinginezo hawezi kutishwa na makundi mawili. Kinachotatiza ni pale chombo cha kiume kinapovaa wingi wa kike: *shulkhan* moja, *shulkhanot* nyingi. Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa, ni kukariri.

Matamshi nayo yana jambo la kupendeza. Nimeandika *lekhem* na *khalon* kwa sababu ndivyo wengi wanavyotamka leo. Herufi ya asili pale si *kha* bali ni *ha* nzito, ile ya “Rahman”, na *’ayn* yao wengi wameiacha kabisa ikawa kimya. Hayo ni mazoea yaliyoletwa na Mayahudi wa Ulaya, ambao makoo yao hayakuzizoea sauti hizo. Mayahudi wa Yemen walizihifadhi. Kwa hiyo mtoto wetu aliyefunzwa tajwidi akisoma Kiebrania kwa makhraji ya madrasa, atasikika karibu zaidi na mzee wa Sana’a kuliko na mtangazaji wa redio ya Jerusalem.

Hata herufi zenyewe ni vyombo vya nyumbani. Ziko 22, na mpangilio wake ni ule ule wa abjadi ambao mashekhe wetu huutumia kuhesabia: alef, bet, gimel, dalet. *Bet* maana yake ni nyumba, na inaaminika kwamba katika asili yake ya kale ilichorwa kama nyumba. *Dalet* ni mlango. *Vav* ni kulabu, *yod* ni mkono, na *kaf* ni kiganja, neno ambalo pia ndilo la kijiko. Kiarabu kimeyahifadhi majina hayo kwa kuyafupisha, *ba*, *dal*, *waw*, *ya*, *kaf*, hata tukasahau kwamba kila tunapoandika bismillahi tunaanza kwa nyumba.

Sasa, ingemshangaza msomaji kusikia kwamba miaka 150 tu iliyopita hapakuwa na mtoto hata mmoja duniani aliyeomba maji kwa mama yake kwa Kiebrania. Kwa zaidi ya miaka 1,500 ilikuwa lugha ya sala, ya vitabu, ya mashairi na ya barua baina ya wanachuoni na wafanyabiashara. Ilikuwa imetoka jikoni. Mayahudi walikaa na lugha za majirani zao, na katika nchi za Kiislamu jirani alikuwa Mwarabu.

Ushahidi wake ni mzuri mno. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, yaani Kairo ya zamani, kulikuwa na chumba cha kutupia karatasi zisizofaa kuchomwa kwa kuwa huenda zimeandikwa jina la Mungu. Adabu tunayoijua, maana nasi hatutupi jalalani karatasi yenye aya. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanachuoni Solomon Schechter alizipeleka nyingi Cambridge, ambako leo kuna zaidi ya vipande 190,000. Miongoni mwao mna hati za ndoa zenye orodha za vyombo vya bibi harusi: mito, magodoro, birika, taa za shaba, mabeseni, na thamani ya kila kimoja kwa dinari. Mtafiti S. D. Goitein alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzisoma. Herufi za orodha zile ni za Kiebrania. Maneno yake ni ya Kiarabu. Bibi harusi wa Kiyahudi wa karne ya 12 aliita mto na taa kama alivyoviita jirani yake Mwislamu, na pengine walikuwa wakiazimana.

Aliyeirudisha lugha ile jikoni alikuwa mtu wa Ulaya Mashariki, Eliezer Ben-Yehuda, aliyezaliwa mwaka 1858 katika milki ya Urusi na kuhamia Palestina, ya Wathmaniyya wakati huo, mwaka 1881. Alishika nadhiri ya kutozungumza nyumbani ila Kiebrania. Mwanawe wa kwanza alizaliwa mwaka 1882, akalelewa bila kuruhusiwa kusikia lugha nyingine, na alichelewa sana kusema. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima alisimulia jinsi baba yake alivyomfumania mama, Devora, akimbembeleza kwa wimbo wa Kirusi, ikawa ghadhabu kubwa nyumbani. Nakiri kwamba nikisoma kisa hiki nafsi yangu humwendea Devora. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1891, na katika vitabu vingi hutajwa kwa mistari michache, ilhali ni yeye aliyebeba mzigo wa kuiendesha nyumba kwa lugha isiyo na maneno ya nyumba.

Kwani hayakuwapo. Inasimuliwa kwamba Ben-Yehuda akitaka kahawa ilimbidi aseme kitu mfano wa: chukua kile, fanya hivi, uniletee hiki, ninywe. Ndipo akaanza kuunda. Taulo akaliita *magevet*, kutoka mzizi wa kukausha, burashi akaiita *mivreshet*, mwanasesere *buba*, aiskrimu *glida*, na kamusi yenyewe akaiita *milon*. Pale alipokwama alitazama Kiarabu, akiamini kwamba ndicho ndugu wa karibu aliyebaki hai, na hakuona haya kukopa. Mtu mwenye adabu kwa Kiebrania cha leo ni *adiv*. Jambo la rasmi ni *rishmi*. Alipofariki mwaka 1922 kamusi yake kubwa ilikuwa haijaisha. Ilikamilishwa na wengine mwaka 1959, majalada 17.

Mwaka huo huo wa 1922 utawala wa Uingereza juu ya Palestina uliweka lugha tatu rasmi: Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania. Lile la rasmi nalirudia kwa makusudi. Julai 2018 Bunge la Israel lilipitisha sheria iliyokifanya Kiebrania kuwa lugha pekee ya dola, na Kiarabu kikavuliwa urasmi kikapewa kinachoitwa hadhi maalumu. Neno lenyewe walilovuliwa Waarabu, *rishmi*, lilikuwa limeazimwa kwao.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama mkwe wangu kuliko nilivyomwelewa siku ya kwanza. Kwetu Tanga vikaratasi ni mchezo wa msichana mdadisi. Kwa Wapalestina ni jambo jingine. Takriban mmoja katika kila raia watano wa Israel ni Mwarabu, na watoto wao husomeshwa Kiebrania tangu shule ya msingi, kwa kuwa hospitali, mahakama, benki na chuo kikuu vinakidai. Baada ya vita vya 1967 wanaume wa Gaza na Ukingo wa Magharibi walijifunza Kiebrania katika majengo waliyoyajenga, mashambani, na katika majiko ya mahoteli walikoosha masufuria. Wengi wengine wamejifunza gerezani. Yupo aliyefika hadi kuandika riwaya kwa lugha hiyo: Anton Shammas, Mpalestina wa Galilaya, alitoa *Arabeskot* mwaka 1986, na wahakiki wa Kiyahudi wakaisifu kwa Kiebrania chake.

Kiebrania kimeingia hata katika Kiarabu chao cha nyumbani. Mashine ya kupooza hewa wengi huiita *mazgan*. Kizuizi cha barabarani, penye askari na foleni ya alfajiri, huitwa *mahsom*, na wamelifanyia wingi wa Kiarabu, *mahasim*. Neno moja limeingia kupooza nyumba, la pili limeingia kufunga njia ya kuirudia.

Kikaratasi cha mwisho tulichokijadili kilikuwa kwenye shada la funguo linalotundikwa nyuma ya mlango. *Mafteakh*. Kiarabu ni *miftah*, na mzizi ni ule wa Al-Fatiha, kufungua. Binti aliuliza kama nalifahamu, nikamwambia kwamba neno hili Wapalestina wana nalo habari ndefu. Mwaka 1948, Israel ilipoundwa, zaidi ya watu 700,000 walitoka au kutolewa majumbani mwao. Wengi walifunga milango wakachukua funguo, wakidhani ni safari ya siku chache. Ziko familia hadi leo, kambini Lebanon, Jordan na kwingineko, zinazozitunza funguo zile za chuma, nzito, za milango ambayo mingi haipo tena, na babu akifa hurithiwa na mjukuu. Bethlehemu, ule mji wa mkate na nyama, kuna kambi ya wakimbizi iitwayo Aida. Juu ya lango lake wameweka ufunguo mkubwa kuliko gari.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Aliacha. Akaomba aletewe shada la funguo, akalishika, akakitazama kile kikaratasi kwa muda.

“Na hao waliomo sasa ndani ya nyumba hizo,” akauliza, “ufunguo huo wanauitaje?”

“Hivyo hivyo, Bibi. *Mafteakh*.”

“*Miftah*.”

“Karibu sawa, Bibi.”

Mzee hakusema zaidi, akarudi kwenye mchele wake. Wiki ile mvuke uliviangusha vikaratasi vingi, cha tanuri kikaungua kabisa, na binti akavipunguza kwa kuwa maneno alikwishayashika. Chumbani kwa bibi yake hakuruhusiwa kubandika hata kimoja, na hadi leo hajaruhusiwa. Kile cha kwenye funguo bado kipo. Juzi nilipolichukua shada kwenda kufungua geti nikaona chini ya herufi za mraba kimeongezwa kwa wino mwingine *miftah*, kwa khati ya Kiarabu iliyotetemeka kidogo, ya mtu aliyejifunza kuandika kwenye ubao wa chuoni zamani sana.